Chemirocha: Kituo Kisicho Maneno

Mwaka 1950 hukumbukwa mwambaoni kwa msiba mmoja mkubwa. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alifariki mwezi wa Julai mwaka huo, akaacha nyuma yake santuri zilizomfanya asikike mahali ambapo mguu wake haukupata kufika. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, na tangu hapo mhakiki wa Kiswahili anayetaka kusema neno juu ya uimbaji na gramafoni huanzia kwa Siti, na mara nyingi huishia kwake. Hiyo ni haki yake. Lakini mwaka ule ule, mbali na bahari, katika nchi ya chai ya Kericho nchini Kenya, wasichana wa Kikipsigis walisimama mbele ya kinasa sauti wakaimba wimbo mfupi ambao nao ulikuwa mtoto wa santuri. Wapenzi wa muziki wa Ulaya na Marekani wameusimulia wimbo huo mara nyingi kama kichekesho kitamu. Wapenzi wa ushairi wa Afrika Mashariki, ambao ndio wenye haki ya kwanza ya kuuamua, wamesema machache mno.

Wimbo unaitwa "Chemirocha". Aliyeunasa ni Hugh Tracey, Mwingereza aliyehamia Rhodesia ya Kusini akiwa kijana, ambaye maisha yake yote aliyatumia kurekodi muziki wa Afrika, na ambaye mwaka 1954 aliasisi Maktaba ya Kimataifa ya Muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini. Alifika Kapkatet akiwa katika safari iliyompitisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Aliondoka hapo na nyimbo tatu zenye jina hilo moja. Ile iliyopata umaarufu ni ya tatu, iliyoimbwa na Chemutoi Ketienya pamoja na wasichana wenzake, kwa kinubi kiitwacho chepkong.

Chemirocha ni Jimmie Rodgers. Ni jina la mwimbaji Mmarekani lililopita katika midomo ya watu wasiojua Kiingereza, likatoka upande wa pili likiwa na umbo la Kikalenjin. Rodgers alikuwa amekufa miaka 17 kabla ya siku ile ya Kapkatet, wala hakupata kukanyaga Afrika. Santuri zake ndizo zilizofika. Kwa mujibu wa maelezo aliyoyaandika Tracey, Wakipsigis waliisikia sauti ile ikitoka katika sanduku, wakashindwa kuihusisha na mtu wa kawaida, wakasema kwamba mwenye sauti lazima awe nusu mtu na nusu paa. Wasichana katika wimbo wao wanamwalika acheze, aruke kwa nguvu hata nguo zimvuke.

Hapo ndipo wasimulizi wengi husimama, wakacheka, wakaendelea na safari zao. Uhakiki hauna ruhusa ya kusimama hapo.

Kwanza ni lazima ijulikane ni kitu gani kilichokuwa katika sauti ile. Rodgers alizaliwa mwaka 1897 katika nchi za kusini mwa Marekani, akaufanya mji wa Meridian, jimbo la Mississippi, kuwa mji wake. Alifanya kazi ya breki katika treni hadi kifua kikuu kilipomtoa kazini; ugonjwa huo ulithibitishwa mwaka 1924. Mwezi wa Agosti 1927 alirekodi nyimbo mbili za kwanza huko Bristol, Tennessee, mbele ya Ralph Peer wa kampuni ya Victor. Mwezi wa Novemba mwaka huo, huko Camden, New Jersey, alirekodi wimbo uliomtajirisha, "Blue Yodel", wa kwanza katika mfululizo wa nyimbo kumi na tatu zenye jina hilo. Mnamo Machi 1928, miezi michache tu baadaye, Siti binti Saad alikuwa Bombay mbele ya mtambo wa His Master's Voice. Mbwa yule yule aliyeinamisha kichwa mbele ya pembe ya gramafoni alichorwa kwenye lebo za wote wawili, kwa kuwa kampuni ya Marekani na ile ya Uingereza zilishirikiana alama hiyo. Mtu angeweza kuziweka santuri zao katika kasha moja asijue, kwa kuitazama picha tu, kwamba mmoja anaimba kwa Kiswahili na mwingine kwa Kiingereza cha Mississippi.

Kilichowatenganisha ni namna ya kuitumia koo. Rodgers alipiga yodeli. Neno hili litumike hivyo hivyo, kwa kuwa Kiswahili hakina jina moja la uimbaji huo. Vigelegele ni jambo jingine kabisa. Humo ulimi ndio ufanyao kazi. Katika yodeli ulimi unapumzika, na kazi yote iko kooni. Kila mwanadamu ana angalau sauti mbili: moja ya kifuani, nzito, ambapo nyuzi za koo hugongana kwa unene wake wote, nyingine ya kichwani, nyembamba, ambapo nyuzi huvutwa zikaguswa kwa kingo zake tu. Baina ya sauti hizo mbili pana mshono. Mwimbaji aliyefunzwa, awe wa opera au wa kaswida, hutumia miaka akijifunza kuuficha mshono huo ili sauti ipande na kushuka kama kitambaa cha kipande kimoja. Mpiga yodeli hufanya kinyume. Huuonesha. Huruka kutoka kifuani hadi kichwani na kurudi, ghafla, mara nyingi mfululizo, na uzuri wote wa jambo lake umo katika pale panapovunjika.

Ufundi huo haukuzaliwa Marekani. Wachungaji wa milima ya Alpi, katika Uswisi, Austria na Bavaria, waliutumia kuitana kutoka bonde hadi bonde na kuita ng'ombe. Waimbaji wa Tirol waliupeleka Marekani jukwaani. Familia ya Rainer ilizunguka miji ya huko kuanzia mwaka 1839. Haukupita muda mrefu ukaingia katika michezo ya kuigiza ambamo Wazungu walijipaka masizi usoni wakajifanya Waafrika, mchezo wa aibu ambao Marekani iliupenda kwa zaidi ya nusu karne. Humo yodeli ya Alpi ilikutana na nyimbo za watu weusi katika mazingira ambayo hakuna aliyekuwa na haki ya kujisifu nayo. Baadaye wasanii weusi wenyewe waliishika. Charles Anderson aliipiga yodeli ndani ya blues na kurekodi miaka ya 1920 mwanzoni, kabla ya Rodgers. Riley Puckett, kipofu wa Georgia, aliirekodi mwaka 1924. Emmett Miller, aliyekuwa bado akijipaka masizi, alirekodi "Lovesick Blues" mwaka 1925 akiivunja sauti katikati ya neno, na wimbo huo huo ndio uliomwinua Hank Williams mwaka 1949. Rodgers, basi, hakuvumbua. Alikusanya. Hata mtambo ulimsaidia: mwaka 1925 kampuni za santuri zilianza kurekodi kwa maikrofoni za umeme, na sauti ndogo ya mtu mgonjwa wa kifua ikaweza kusikika kana kwamba anaimba sikioni mwa msikilizaji.

Kwa msomaji wa mashairi, hata hivyo, jambo la kutazamwa zaidi ni mahali Rodgers alipoiweka yodeli yake. Ubeti wa blues una mishororo mitatu: wa kwanza hutoa hoja, wa pili huirudia, wa tatu huijibu. Anayetoka katika shairi la Kiswahili, lenye mishororo minne na kituo chake, husikia pengo. Mshororo wa nne uko wapi? Kwa Rodgers mshororo wa nne ndio yodeli. Maneno yamekwisha, hoja imejibiwa, lakini ubeti haujatua; ndipo sauti inapopanda, inavunjika, inashuka, na ubeti unatua. Ni kituo kisicho maneno. Hakibadiliki sana kutoka ubeti hadi ubeti, kama vile kituo cha shairi kisivyobadilika, na ndicho msikilizaji anachokingoja. Aliyesema kwamba yodeli ya Rodgers ni pambo la kuufurahisha umma hakuisikiliza kwa sikio la mshairi. Ondoa yodeli, na beti zake nyingi zitabaki zikining'inia.

Alipouimba ugonjwa wake mwenyewe, katika "T.B. Blues" ya mwaka 1931, kituo hicho kilipata maana ambayo maneno yasingeweza kuibeba. Mtu ambaye pafu lake linaliwa anapanda kwenye sauti ambayo haihitaji pumzi nyingi, kisha anarudi chini kwenye ile inayohitaji. Mwezi wa Mei 1933 alirekodi nyimbo zake za mwisho huko New York, akipumzika kitandani baina ya wimbo na wimbo, na tarehe 26 akafa, akiwa na umri wa miaka 35.

Katika miaka sita hiyo ya kurekodi alikuwa amewageuza wengi. Gene Autry alianza kwa kumwiga. Patsy Montana alitoa mwaka 1935 wimbo wa yodeli uliomfanya mwanamke wa kwanza wa fani hiyo kuuza kwa mamilioni. Louis Armstrong alimpigia tarumbeta mwezi wa Julai 1930, huku mkewe Lil Hardin akiwa kwenye piano, katika "Blue Yodel" ya tisa. Mweusi na mweupe katika santuri moja, jambo ambalo sheria na desturi za nchi yao zilikuwa hazilipendi. Howlin' Wolf, mwimbaji mweusi wa blues mwenye sauti ya radi, alisema kwamba alitaka kupiga yodeli kama Rodgers akashindwa, na kilichotoka badala yake kikawa mlio kama wa mbwa mwitu. Kati ya warithi wote wa Rodgers, huenda Howlin' Wolf ndiye anayepaswa kuwekwa karibu zaidi na wasichana wa Kapkatet. Yeye pia hakuiga. Alisikia, akashindwa, akafanya lake.

Maana ukweli ambao wasimulizi huuruka ni huu: katika "Chemirocha" ya tatu hakuna yodeli. Msikilizaji anayeitafuta ataipoteza siku yake. Kuna kinubi kinachorudia mzunguko mfupi, kuna sauti ya msichana mmoja iliyo nyepesi na ya juu, kuna wenzake wanaoitikia, na kuna jina. Jina hilo linarudi na kurudi mwishoni mwa kauli, mahali pale pale ambapo katika ubeti wa Rodgers yodeli ingekaa. Kwa hiyo kama kuna kitu kilichovuka bahari kikatua Kapkatet, si mruko wa koo bali ni nafasi. Kituo cha Rodgers hakikuwa na maneno. Kituo cha Chemutoi Ketienya kina neno moja, nalo ni jina la yule aliyekuwa hana maneno. Tafsiri hii inaweza kupingwa, lakini anayetaka kuipinga na aanze kwa kusikiliza, si kwa kusimulia kisa cha paa.

Jina lenyewe linadai kutazamwa. Katika lugha za Kikalenjin majina ya wanaume kwa kawaida huanza kwa Kip- au Ki-, na ya wanawake kwa Chep- au Che-. Kila anayefuata mbio za riadha anajua hilo hata kama hajui kwamba anajua: Kipchoge ni mwanamume, Chepngetich ni mwanamke. Jimmie angeweza kuingia katika lugha kwa mlango wowote. Sauti ya kwanza ya jina lake ilivuta upande wa Che-, na huenda sababu ni hiyo tu. Kiambishi hicho hubeba pia majina ya vitu, na chepkong yenyewe ni ushahidi. Hata hivyo matokeo hayabadiliki. Mwanamume ambaye sauti yake inaruka kutoka kifua cha kiume hadi ncha ya juu ambayo wengi huihesabu kuwa ya kike amepewa jina linalovaa kilemba cha kike. Masikio ya Kikipsigis yanapolisikia, yanasikia kitu kilichokaa katikati, na paa wa nusu na mtu wa nusu si mbali na hapo. Anayeishi kwenye mshono lazima awe na nusu mbili.

Tracey aliliandika jambo hilo kama imani. Wasichana wa Kapkatet, kwa maelezo yake, waliamini. Hapa ndipo uhakiki unapopaswa kumshika mkono mzee huyo, pamoja na shukrani zote anazostahili kwa kuinasa sauti ambayo vinginevyo ingepotea. Msichana anayemwimbia kiumbe kwamba aruke hata suruali imvuke hajaamini chochote. Anatania. Dhihaka ya wasichana kwa mwanamume mgeni, na hasa kwa mgeni wa aina ya Kizungu katika nchi ambayo ardhi yake ilikwisha kuchukuliwa kwa mashamba ya chai, ni fani yenye kanuni zake. Waswahili wanaifahamu vizuri. Wanawake wa mwambao wameimba mafumbo ya namna hiyo tangu zamani, na hakuna mtafiti mwenye akili timamu aliyeandika kwamba waimbaji wa vijembe vya lelemama wanaamini kwa dhati kila mnyama wanayemtaja. Kwa nini msichana wa bara asipewe heshima hiyo hiyo? Anaposema paa, wanasema ni ushirikina. Mshairi wa Lamu anaposema paa, wanasema ni istiari.

Tofauti hiyo ina madhara. Ikiwa "Chemirocha" ni imani, basi mwenye wimbo ni Rodgers: yeye ndiye muujiza, na wasichana ni mashahidi wake waliopumbazwa. Ikiwa ni istiari, mwenye wimbo ni Chemutoi Ketienya, naye Rodgers ni malighafi tu, kama kanga iliyotoka kiwandani mbali ikapewa maana na aliyeivaa. Kwa miaka mingi nje ya Kericho wimbo huu umetajwa kama mkia wa maisha ya Rodgers, jambo dogo la kupendeza la kuongeza mwishoni mwa sura. Jina la msanii aliyeutunga na kuuongoza huja baadaye, kama linakuja.

Wako wanaokwenda upande wa pili na kukosea kwa namna nyingine. Hao husema kwamba yodeli ilitoka Afrika, ikapelekwa Marekani na watumwa, ikarejea nyumbani kwa santuri. Ni hadithi nzuri, nayo inabembeleza. Ushahidi wake ni hafifu. Yodeli ya Marekani ina barua za safari kutoka Alpi zinazosomeka mwaka kwa mwaka. Kwamba sauti za watu weusi ziliibadilisha njiani ni jambo la wazi. Kwamba zilikuwa chanzo chake ni jambo ambalo halijaoneshwa. Na wala Afrika haihitaji kuwa chanzo cha kila kitu ndipo iheshimiwe. Ina yake.

Mfano ulio karibu na Maziwa Makuu unatosha. Katika msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, Wambuti huimba kwa kuruka baina ya sauti ya kifuani na ya kichwani, kila mmoja akitoa kipande chake kidogo cha sauti, vipande vikishonana hata wimbo mzima ukawa hauna mwimbaji mmoja. Maneno humo ni machache. Nyimbo nyingine hazina kabisa. Colin Turnbull aliwarekodi miaka ya 1950, na Tracey mwenyewe alipita huko. Hapo yodeli si kituo cha ubeti, kwa kuwa hakuna ubeti. Ni ukumbi mzima. Kumlinganisha Rodgers na Wambuti kwa sababu tu koo zao zinafanya mruko ule ule ni sawa na kumlinganisha mvuvi na mfumaji kwa kuwa wote hushika uzi.

Mahali pa kuupimia ulinganisho wa namna hiyo kwa uangalifu zaidi ni mpakani, kama vile Mbuba, kata ya wilaya ya Ngara, mkoani Kagera. Ngara ni nchi ya vilima, na lugha yake kubwa, Kihangaza, ni ndugu wa damu wa Kirundi. Bugufi, sehemu ya wilaya hiyo, ilikuwa chini ya ufalme wa Burundi kabla ya wakoloni kuchora mpaka baada ya Vita Kuu ya Kwanza na kuikabidhi Tanganyika. Ng'ambo ya mpaka huo, wanawake wa Burundi wana fani iitwayo akazehe: salamu inayoimbwa na wawili, mmoja akitiririsha maneno ya kuulizana hali na kusifiana, mwingine akipachika sauti fupi fupi katika nafasi zilizobaki, hata mgeni asijue nani anauliza na nani anajibu. Michel Vuylsteke aliirekodi Burundi mwaka 1967, na santuri iliyotokana na safari yake ilitoka Ufaransa mwaka uliofuata ikiwa na salamu hizo pamoja na ubuhuha, uimbaji ambamo mwanamke hufumba viganja mbele ya mdomo na kuifanya mikono yake ala. Mtu wa Mbuba anayesikiliza santuri hiyo hahitaji mkalimani mrefu.

Kinachofundisha katika akazehe ni kwamba sauti isiyo neno haiko kwa ajili ya kupamba. Bila sauti zile fupi za mwenzake, msalimiaji angekuwa anasema peke yake, na salamu ya mtu mmoja si salamu. Anayekaa juu ya kilima cha Mbuba na kumwita mtu aliye kilima cha pili anajua jambo hilo kwa njia nyepesi zaidi. Jina analitamka, linalofika si jina bali ni ile irabu ya mwisho iliyopandishwa juu na kuvutwa. Konsonanti huanguka bondeni. Wachungaji wa Alpi waligundua hivyo hivyo kwa sababu hiyo hiyo, bila ya kukopa kutoka kwa yeyote. Vilima vikifanana, koo nazo hufanana.

Huenda hilo pia ndilo lililotokea kwa santuri. Kwa msikilizaji wa Kapkatet asiyejua Kiingereza, maneno ya Rodgers yalikuwa konsonanti zilizoanguka bondeni. Kilichofika ni irabu.

Mpenzi wa ushairi wa mwambao anaweza kuuliza haya yamhusu nini yeye, aliyelelewa kwa vina na mizani, ambaye kwake mshororo usio maneno ni mshororo uliosahauliwa. Jibu limo katika kumbi zake mwenyewe. Tangu Sultani Barghash alipompeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni, na tangu Ikhwani Safaa walipoanza mwaka 1905, Unguja imekaa chini ya ufundi wa Kimisri ambamo mwimbaji hutumia dakika nyingi akiuita usiku na jicho, ya leli ya eni, maneno mawili ambayo kwa sikio la Mswahili asiyejua Kiarabu yalikuwa ni sauti tu. Wazee walilia machozi kwa Umm Kulthum bila ya kuelewa nusu ya alichokisema. Hakuna aliyewaita washirikina. Walisemwa kuwa watu wa dhati, wenye masikio. Laiti masikio hayo hayo yangegeuzwa upande wa bara mara moja moja, uhakiki wa Kiswahili ungekuwa na maneno mengi zaidi ya kuelezea kile kinachofanyika pale maneno yanapokoma. Kwa sasa una kibwagizo, una kiitikio, una mahadhi. Hauna jina hata la mshono wa sauti, na ndiyo maana makala haya yamelazimika kuukopa ushoni.

Si kwamba istilahi ni kila kitu. Lakini penye upungufu wa jina, wimbo hupimwa kwa kile kilichobaki, yaani maneno yake, na maneno ya "Chemirocha" ni machache. Akiyahesabu mizani, mhakiki wa kawaida ataukataa haraka. Akiusikiliza, atakuta kazi iliyobana sana: mgeni ametajwa, ametamaniwa, amedhihakiwa na ameitwa tena, yote katika wimbo ambao umekwisha kabla chai haijapoa. Taarabu ya kisasa, ambayo mipasho yake hudumu robo saa, ingeweza kujifunza hapo.

Nyimbo zenyewe zimekwisha kurudi zilikotoka, kwa maana ya kawaida ya neno kurudi. Katika miaka ya 2010, Maktaba ile aliyoiasisi Tracey, ikishirikiana na Ketebul Music ya Nairobi, ilizipeleka nakala za rekodi za 1950 kwa jamii za Kenya zilikonaswa, na miongoni mwa waliozipokea katika nchi ya Wakipsigis walikuwamo wazee walioikumbuka siku mgeni alipokuja na mashine zake. Lilikuwa jambo la haki, lililochelewa miaka zaidi ya sitini. Nakala hizo zilibeba sauti, hazikubeba uhakiki. Maelezo yaliyozifuata bado ni yale yale ya mwaka 1950, pamoja na paa wake.

Kazi iliyobaki inamngoja mtu anayejua Kikalenjin na Kiswahili sawasawa. Azichukue "Chemirocha" zote tatu, si ya tatu peke yake, maana zile mbili za kwanza, zinazoongozwa na wanaume, hazijachunguzwa ipasavyo dhidi ya ile ya wasichana. Aziandike neno kwa neno, aoneshe pumzi inakatwa wapi na jina linaangukia wapi. Aulize kama wanaume nao wanamvua Chemirocha nguo, au kama utani huo ni wa wasichana tu. Kisha azichape kwa lugha zote mbili, na juu ya ile ya tatu aweke jina la Chemutoi Ketienya peke yake.